Kalamu Nyekundu ya Hancho Kuramochi

Saa mbili kasorobo asubuhi, na joto la Julai limeshatua juu ya mabati ya karakana ya pili. Muziki wa mazoezi ya viungo umezimwa. Watu thelathini na wanane wamepanga mistari minne, kofia vichwani, jasho linawachuruzika mgongoni kabla hata kazi haijaanza.

Setsuo Kuramochi, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, amesimama mbele yao kama alivyosimama kila asubuhi kwa miaka kumi na minne. Yeye ni hancho, kiongozi wa kundi. Kofia yake ina mstari wa kijani kuonyesha hivyo. Nyuma yake ubao unasomeka: SIKU BILA AJALI, 2,067.

Kando ya ubao imebandikwa kalenda yenye umbo la msalaba, yenye vyumba thelathini na kimoja, kila siku ya mwezi na chumba chake. Siku ikiisha salama, hancho anakipaka chumba rangi ya kijani. Mtu akiumia, nyekundu. Asubuhi hii ya Ijumaa tarehe 19, vyumba kumi na vinane vya Julai vyote ni kijani kama shamba la mpunga.

Lakini leo Setsuo hana kalamu ya kijani mfukoni. Ameiacha nyumbani makusudi, mezani, kando ya bakuli la supu.

"Mkono umeshazoea," anasema. "Ningeikuta mfukoni, ningepaka."

Aliyokuja nayo ni nyekundu, mpya, bado ina karatasi ya dukani.

Kampuni ya Hinokida inatengeneza vyuma vinavyoshikilia viti vya magari. Kiwanda kiko mkoani Gunma, pembeni ya mji, mahali ambapo mlima Akagi unaonekana siku ambazo hakuna ukungu wa joto. Karakana ya pili ina mashine kumi na mbili za kukandamiza chuma. Zikishuka, sakafu inatetemeka mpaka kwenye meno.

Miaka sita iliyopita, fremu ya mbao ilifika kutoka makao makuu. Ndani yake mkurugenzi mkuu alikuwa ameandika kwa brashi na wino, kwa mkono wake mwenyewe, maono ya kampuni: Kila mmoja arudi nyumbani mzima.

Wengi waliitazama fremu hiyo wakaenda kunywa chai. Setsuo hakwenda.

"Niliyaamini yale maneno," anasema. "Wengine waliona ni mapambo ya ukuta. Mimi nilikuwa na sababu."

Sababu anayo mkononi. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinaishia kwenye kiungo cha kwanza. Alikipoteza akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwenye karakana ya tajiri mwingine ambaye siku hizi hayupo. Katika nchi hii mtu akikosa ncha ya kidole hicho, watu wanadhani ni mwanachama wa genge la majambazi. Setsuo akiingia kwenye bafu la maji ya moto la mtaani, wazee wanasogea pembeni.

"Mara moja baba mmoja alimtoa mwanawe majini haraka haraka, mimi nimeingia tu kujisugua mgongo," anasema, na anacheka kidogo. "Jambazi gani anakuja bafuni na kuponi ya punguzo?"

Basi alilichukua neno la mkurugenzi akalileta sakafuni. Kazi hiyo ndiyo aliyoijua kuliko mtu yeyote pale.

"Maono ya kampuni ni maneno makubwa," anasema. "Kazi yangu ilikuwa kuyakata vipande mpaka yatoshe kiganjani mwa mtu. Ukimwambia mtu 'rudi nyumbani mzima', atakujibu 'ndiyo, Hancho', basi. Lakini ukimwambia 'kabla hujabonyeza, onyesha mikono yako kwa kidole na useme kwa sauti: mikono iko nje, sawa', hapo ana kitu cha kufanya."

Aliandika karatasi moja ya maelekezo kwa kila mashine. Alichora alama za njano sakafuni kuonyesha miguu isimame wapi. Aliweka sanduku la vikaratasi vya 'karibu niumie', ili mtu aandike alichoponea chupuchupu kabla hakijamuumiza mwenzake. Mwezi wa kwanza alipata vikaratasi arobaini na viwili. Vyote alivisoma, na kila kimoja alikijibu.

Na ilifanya kazi. Karakana iliyokuwa ikiumiza watu kumi na mmoja kwa mwaka haikumuumiza hata mmoja kwa miaka miwili. Hilo halina ubishi, hata wanaomchukia leo wanalikubali. Makao makuu walimpeleka kwenye viwanda vingine vinne akafundishe namna ya kushusha maono sakafuni. Alipewa tai ya kuvaa. Mkewe, Fumiyo, ndiye aliyemfungia.

Halafu ubao ukafika siku elfu moja, na kitu kikageuka.

Hakuna aliyekiona kikigeuka. Kila asubuhi Setsuo alisoma namba, na watu wakaanza kuipenda namba. Wafanyakazi wa karakana ya kwanza, waliokuwa na siku mia tatu tu, walitaniwa kantini. Zilipofika elfu moja na mia tano, Mogi, fundi mkongwe wa zamu, mtu wa maneno mengi, alisema mbele ya kila mtu: "Atakayekata kidole sasa, akipeleke nyumbani kwake akakikate huko." Watu walicheka. Setsuo pia alicheka.

Vikaratasi vya 'karibu niumie' vikapungua, kumi na tano, tisa, vitatu. Makao makuu wakampongeza kwa hilo pia.

"Nilidhani hatari zimekwisha," anasema Setsuo. "Hapana. Nusu nilidhani. Nusu nilijua."

Mwanzoni mwa Novemba kilikuwamo kikaratasi kimoja kutoka kwa Hatsue Nogami wa mashine namba saba. Mashine hizi hazishuki mpaka mtu abonyeze vitufe viwili kwa pamoja, kimoja kwa kila mkono, ili mikono yote iwe nje. Hatsue aliandika: Kitufe cha kushoto kinanata. Hakirudi juu vizuri.

Kubadilisha kitufe kulihitaji kusimamisha mashine na kujaza ripoti. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kutimia miaka mitano, na mkurugenzi alikuwa ameahidi kuja mwenyewe. Setsuo alikitia kikaratasi kwenye droo. Alisema moyoni, nitakishughulikia sherehe ikipita.

Tarehe 14 Novemba, saa nne na dakika kumi asubuhi, chuma kilikwama. Hatsue aliingiza mkono wa kushoto kukitoa. Kitufe cha kushoto kilikuwa kimenata chini, peke yake. Kiwiko chake cha kulia kikagusa kile kingine.

Zilikwenda ncha mbili, ya kidole cha shahada na ya kidole cha kati.

Setsuo hakuita gari la wagonjwa. Alimfunga kwa taulo, akampakia kwenye gari lake dogo jeupe. Ncha za vidole zilikuwa kwenye kopo la chakula la Hatsue mwenyewe, juu ya kile kifuko cha barafu kinachowekwa ili wali usichache.

"Samahani, Hancho," Hatsue alisema.

"Unaniomba samahani ya nini?"

"Zilikuwa zimebaki siku sita."

"Nyamaza, Bi Nogami. Shikilia taulo."

"Usiende kwa daktari wa kampuni. Ataandika."

"Ni dakika sita tu kutoka hapa."

"Ataandika, Hancho! Watu thelathini na wanane wamengoja miaka mitano, halafu niwe mimi? Nitasema nilijibana na mlango wa gari. Nenda Maruyama-cho. Huko hawatujui."

Maruyama-cho ni dakika arobaini na mbili.

Setsuo anasimulia sehemu hii taratibu, akitazama mikono yake. "Meneja hakuwepo siku ile. Hakuna aliyeniagiza. Kampuni haina sheria inayosema ficha. Taa ilipokuwa kijani, mimi mwenyewe nilikata kona."

Daktari wa Maruyama-cho alikitazama kilichokuwa kwenye kopo, akauliza ajali imetokea saa ngapi. Walidanganya na saa pia. Alisema labda kimoja kingeshika wangefika mapema. Alisema labda. Setsuo analibeba neno hilo mpaka leo, hajui alipeleke wapi.

Jioni ile alikipaka chumba cha tarehe 14 rangi ya kijani.

Siku sita baadaye mkurugenzi alikuja. Kila mfanyakazi alipewa yeni elfu tano na boksi la wali mwekundu wa kunde, ule unaopikwa kwenye shangwe. Hatsue alikuwa mstari wa tatu, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa koti.

Je, alipiga makofi kama wengine?

"Nilijipiga paja," anasema Hatsue, ambaye ana miaka arobaini na saba. "Kwa mkono mmoja ungefanyaje? Ule wali nilimpa mbwa wa jirani. Na yeye hakuumaliza."

Tangu siku hiyo alihamishiwa kwenye kufungasha. Hahisi kifungo cha shati kwa vidole hivyo viwili. Asubuhi anajifunga vifungo akijitazama kwenye kioo, kama mtu anayemvisha mtu mwingine. Kwa miezi saba yeye na Setsuo walisalimiana tu.

Kilichomvunja Setsuo kilikuja Juni. Thuy, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja aliyetoka Vietnam kujifunza kazi, alikuwa akivaa mikono mirefu kwenye joto ambalo hata paka wa kiwanda alilikimbia.

"Thuy, unataka kuiva? Kunja mikono."

"Mimi sisikii joto, Hancho. Kwetu ni zaidi."

Siku mbili baadaye alimkuta kwenye sinki ananawa. Mkono kutoka kiwiko hadi kifundo ulikuwa umezungushiwa selotepu nyeusi ya mafundi umeme. Chini yake nyama ilikuwa imefunguka. Bati lilikuwa limemkata tarehe 27, na alijitibu mwenyewe chooni.

Thuy hakushtuka alipoonekana. Alisimama wima, akatabasamu, akamwonyesha dole gumba.

"Sikuvunja, Hancho," alisema. "Namba bado iko."

Setsuo alikaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji.

"Hakuna mtu aliyemfundisha yule mama," anasema. "Lugha yetu yenyewe anaifahamu nusu tu. Lakini hilo alilielewa vizuri kuliko karatasi zangu zote. Nilikuwa nimeyaleta maono sakafuni kweli. Haya ndiyo yaliyokuwa yamefika."

Tangu hapo alitaka kusema. Septemba 21 anatimiza sitini na kustaafu, na hakutaka kuondoka ubao ukidanganya kwa mkono wake. Lakini hakuweza kusema bila kumtaja Hatsue, na Hatsue naye alikuwa amemdanganya daktari kwa saini yake. Alimfuata mwanzoni mwa Julai, wiki ya usalama, mbele ya mashine ya vinywaji, bendera ya msalaba wa kijani ikining'inia juu yao.

"Bi Nogami, nataka kusema yote."

Hatsue alibonyeza kahawa ya baridi, kopo likadondoka. "Sasa? Kwa sababu unastaafu?"

"Kwa sababu ya mkono wa Thuy. Na wako."

"Wangu uko sawa."

"Hauko sawa."

"Hancho, nisikilize." Alishindwa kufungua kopo, Setsuo akanyoosha mkono, naye akalivuta kifuani. "Siku ile ulinibeba kwenda kunificha. Leo unataka kunibeba kwenda kunionyesha. Lini uliniuliza mimi nataka kubebwa wapi?"

"Wewe ndiye uliyesema Maruyama-cho."

"Nilikuwa natokwa damu! Wewe ulikuwa na akili zako zote. Wewe ndiye Hancho."

Aliondoka na kopo lake bila kulifungua. Setsuo anasema alibaki pale mpaka kengele ikalia.

Siku kumi zilipita. Jumatano ya tarehe 17, alipofungua sanduku la vikaratasi, mlikuwa na kimoja tu. Mwandiko aliujua. Kitufe cha kushoto kinanata. Hakirudi juu vizuri. Mashine namba saba, tarehe 14 Novemba. Na chini yake: Ninaandika mara ya pili.

Alikitoa kile cha zamani kwenye droo, akaviweka pamoja. Kesho yake jioni alipita dukani akanunua kalamu nyekundu.

Na sasa ni Ijumaa, na watu thelathini na wanane wanangoja asome namba. Mlangoni amesimama meneja wa kiwanda, Ebisawa, mtu mpole anayependa mambo yaende yalivyopangwa.

Setsuo hasomi namba. Anavua kofia, anainama, na anakaa ameinama muda mrefu kiasi kwamba mtu wa mstari wa nyuma anakohoa. Kisha anaeleza yote, kitufe, droo, gari, Maruyama-cho, rangi ya kijani. Sauti yake haina pambo. Anabandika ukutani karatasi ya kalenda ya Novemba, kisha ya Juni.

"Kuramochi," meneja anasema kutoka mlangoni, "tukazungumzie ofisini."

"Nakuja, Meneja. Dakika tano."

"Sasa hivi."

"Dakika tano, nakuomba."

Setsuo anafungua kalamu. Kabla haijagusa karatasi, Hatsue anatoka mstarini.

"Lete hiyo."

"Nitapaka mimi, Bi Nogami. Kosa ni langu."

"Kosa ni lako, chukua. Kidole ni changu. Lete."

Anaipokea kwa mkono wa kushoto. Kalamu inamtoka, inaanguka sakafuni, na hakuna anayeinama kuiokota kwa sababu kila mtu anaona usoni mwake kwamba hataki. Anaiokota mwenyewe. Anapaka tarehe 14 Novemba taratibu, rangi inatoka nje ya mistari, anarudia mpaka kijani chote kimezama.

Thuy anafuata bila kuitwa. Tarehe 27 Juni.

Setsuo alidhani yameishia hapo. Alikuwa na karatasi mbili tu. Lakini Mogi, yule wa maneno mengi, anasimama akijikuna shingo.

"Hancho, una ya Februari?"

"Ya nini?"

"Tarehe tisa. Kisigino. Kile kitoroli." Mogi hatazami mtu. "Niliwaambia nimeteleza kwenye barafu nyumbani. Si mimi niliyesema tukajikatie huko?"

Hakuna anayecheka. Setsuo anakwenda kwenye kabati kuleta Februari, na akiwa bado anapekua, mwanamke wa mashine namba tatu anasema, "Aprili pia, kama ipo." Mwingine anasema Mei. Mtu wa mwisho, Kuwabara, anafungua kiganja chenye malengelenge ya moto. "Jumatatu hii," anasema. "Tarehe 15."

Vyumba sita. Setsuo alijua viwili.

Meneja Ebisawa amevua miwani. "Jana nimetuma ripoti makao makuu," anasema, kama anayejisemesha. "Elfu mbili na sitini na sita."

Setsuo anazitoa namba kwenye ndoano zake moja baada ya nyingine, mbili, sifuri, sita, saba. Anatundika nne. Mashine zinachelewa kuanza dakika ishirini na tano, na haijawahi kutokea.

Hapakuwa na sherehe baada ya hapo. Kibao cha pongezi cha miaka mitano kimeondolewa, na ukutani limebaki doa jeupe la umbo lake. Maofisa wa kazi wamekuja mara mbili na mafaili. Posho ya usalama ya karakana nzima imesimamishwa, na wapo wasiokaa tena meza moja na Setsuo kantini. Mmoja alimwambia usoni: "Ungestaafu tu, mzee, ukatuachia."

Mstari wa kijani umebanduliwa kofiani mwake. Mshahara wa yeni laki tatu na elfu thelathini na nane umepunguzwa, na sasa anafagia machicha ya chuma chini ya mashine zile zile alizoziandikia karatasi. Thuy hajui kama mkataba wake utaongezwa. Madai ya Hatsue yamepokelewa na bado yanachunguzwa. Vidole havirudi, na nyumbani Setsuo huamka kabla ya mkewe akahesabu dakika: sita, arobaini na mbili.

Kitufe cha mashine namba saba kimebadilishwa. Kiligharimu yeni elfu nne na mia mbili. Fundi alitumia dakika kumi na tano.

Jumatano ya wiki ya kwanza ya Agosti, ubao unasoma 23. Sanduku la vikaratasi lililokuwa na vitatu Juni nzima limepata thelathini na kimoja kwa wiki moja, na vingine ni vya kumsuta tu: kimoja kinasema mzee anayefagia huacha fagio njiani. Alikisoma akaenda kulitoa fagio.

Kampuni bado haijateua hancho mpya. Setsuo amemwomba meneja kazi hiyo apewe Hatsue, na kalamu zote mbili, ya kijani na nyekundu. Hatsue anasema hajakubali.

"Anipe kwanza nafasi ya kumkasirikia," anasema. "Sijamaliza."

Setsuo anasema atangoja. Amebakiza wiki sita na siku chache. Amepiga hesabu kwamba Septemba 21, atakapoikabidhi kofia, ubao utasoma sitini na nane kama hakuna atakayeumia.

"Natamani nione sitini na nane," anasema, akiegemea fagio. "Lakini ikiwa ni mbili, nataka isome mbili."